Foleni ya Katambuga

2 Desemba

Klara amenipima presha, akaguna, akakunja mashine yake. "Dawa unameza, Mama Ndaki?" Nameza. "Chumvi?" Nimepunguza. "Basi hiyo ni hasira. Kuanzia leo uwe unaandika kilichokukasirisha, ukishakiandika ukiache hapo hapo." Klara alikuwa nesi wa zahanati yetu mpaka alipostaafu, na ndiye aliyenizalisha Ndaki, mwanangu wa pekee, kwa hiyo akisema jambo nafanya, ingawa kwa kunung'unika. Kilichonikasirisha leo: kuambiwa nina hasira.

4 Desemba

Aneth, mke wa Ndaki. Mwanangu alimtoa Katoro machimboni, akaniletea hapa na mimba changa, akarudi zake Geita kuingia mashimoni. Sasa tumbo limekuwa kubwa na mwenye tumbo ananiamkia "shikamoo mama" amesimama wima, mkono kiunoni. Mkamwana wa Kisukuma anapiga goti. Halafu redio yake!

5 Desemba

Redio tena.

8 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Korongo limejaa, magari yamelala ng'ambo. Sisi wa Bulugala kwenye ramani ni watu wa mjini. Usiku taa za Shinyanga tunaziona kutoka uani. Ikinyesha hivi, daktari wa mjini na wa Ulaya kwetu ni sawa tu.

10 Desemba

Imetangazwa. Uchaguzi mdogo wa jimbo la Bulugala utakuwa mwishoni mwa Januari, kuziba nafasi ya marehemu Kalisti, mbunge wetu tuliyemzika Oktoba. Aneth akaniuliza, eti mama, huyo Kalisti alifanya nini? Nikamwambia vaa kanga, twende nikuonyeshe.

Nikampeleka uwanja wa zahanati, nyumba ya tatu tu kutoka kwangu. Zahanati yenyewe ni chumba cha sindano na dirisha la panadoli. Pembeni yake kuna mawe matano ya msingi ya wodi ya wazazi. Wodi yenyewe haipo, yapo mawe.

La kwanza ni la Herman, mbunge wetu wa kwanza, mwaka tisini na tano, jimbo lilipomegwa kutoka pembezoni mwa mji na vyama vingi vikiwa vipya. Tulipiga kura tukiangalia nyuma, tukidhani kuna mtu anatuchungulia. La pili ni lake pia, la mwaka elfu mbili. Mwaka huo alipita bila kupingwa. Hatukugusa karatasi ya mbunge, tulisikia tu redioni kwamba tumemchagua. La tatu la yule tajiri wa pamba, pana, zuri, na ndilo tunaloanikia michembe ya viazi. La nne la elfu mbili na kumi. Vijana walileta upinzani, wakacheza mpaka kukapambazuka, na mimi nikasema moyoni huyu sasa hatatuletea jiwe. Alileta! Lilikuwa na rangi nyingine tu. La tano ndilo la Kalisti, lina picha yake, mbuzi wameilamba shavu moja limeondoka.

"Na wewe mama ulifanya nini?" akauliza.

Niliwaimbia wote. Mimi ni manju, mtunzi na kiongozi wa nyimbo za ngoma, sauti yangu inavuka korongo bila spika. Kila jiwe nililitungia wimbo wake na watu wakacheza mpaka vumbi likatuziba macho.

Aneth akayatazama yale mawe, akapapasa tumbo. "Kwa hiyo mimi nitazalia wapi?"

Nikamwambia asiwe na maswali mengi. Nimerudi nyumbani kichwa kinaniuma.

14 Desemba

Klara amechukua fomu ya kugombea. Klara! Nilimfuata kwake nikamwambia umepagawa, na nani atanipima presha? Akacheka. "Mbuke, miaka yote niliyofanya kazi hapa nimewasindikiza wanawake mpaka ukingo wa korongo nikawaaga kama wanaokwenda vitani. Nimechoka." Nikamuuliza ataahidi nini. Akasema, "Nitaahidi kutoweka jiwe. Nitaanza na tanuru la matofali."

19 Desemba

Amosi Bujiku, mgombea mwingine, kaja na magari yenye spika. Ni mtoto wa hapa hapa, baba yake alikuwa akikamua ng'ombe wa misheni, ila utajiri kaupatia kwenye dhahabu huko Katoro. Ana adabu, siwezi kusema uongo. Kainama, kaniita mayu, yaani mama, kaniomba nimtungie wimbo. Nikasema nitafikiri.

Usiku Aneth akaniambia, "Mama, sisi Katoro tulikuwa tunamwita Bosi Kesho. Ukimpelekea mali anakwambia fuata hela kesho. Kesho ukienda, kesho."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ni mara ya kwanza kucheka na huyu msichana.

22 Desemba

Kacheka yeye. Mzee mmoja kapita na baiskeli akipaza sauti, "Jamani, msikose kupiga kula!" Aneth akaniuliza, "Mama, huku kwenu mnapiga kura au mnaenda kula?" Nikamwambia ulimi wa Kisukuma haujui hiyo herufi yenu, na kwa hawa wagombea mambo yote mawili ni sahihi. Halafu nikakumbuka nilikuwa nimemnunia, nikaendelea kununa.

25 Desemba

Krismasi. Mvua. Ndaki hakuja, kasema shimo linakaribia mwamba wa dhahabu. Kila mwaka linakaribia mwamba.

3 Januari

Wanawake wa Klara wamefyatua matofali wiki nzima mvua ilipopumzika, wakayafunika kwa majani. Mtu hajachaguliwa, kazi imeanza! Nilikwenda kuwadhihaki nikamkuta Aneth kule, na tumbo lake, anawagawia maji na kuwachekesha kwa hadithi za machimboni. Mwanamke mmoja akaniambia, "Mama Ndaki, wabeja, asante kwa mkamwana huyu." Nikaitikia kama vile nilimchagua mimi.

6 Januari

Jana usiku ng'ombe wa jirani waliibwa, mwano ukapigwa. Aneth aliruka kitandani akidhani kuna moto. Nikamweleza. Mwano ni yowe letu. Ukiusikia, unaacha chochote unachofanya, hata kama unakula, hata kama uko na mumeo, unatoka na kukimbilia sauti. Asiyetoka, sungusungu wanamtoza faini, kisha anatengwa. Hapewi moto, hapewi chumvi, akifiwa anazika peke yake. Na huruhusiwi kurudi nyumbani mpaka lililokutoa liishe.

"Hata mgeni akipiga?"

"Mwano hauna mgeni."

Akanitaka nimfundishe. Akajaribu, sauti ikamkatika katikati kama ya jogoo mchanga. Tukacheka tena. Presha leo iko chini, Klara kashangaa.

12 Januari

Bombani leo foleni ilikuwa ndefu. Aneth aliacha ndala zake kwenye mstari akaja kukaa kivulini, kama tufanyavyo wote. Mtu anaacha ndoo, asiye na ndoo ya ziada anaacha katambuga zake, zile za tairi, na hakuna wa kuzisogeza. Kuna kijana wa kuja akazipiga teke ndala za Aneth, akajipenyeza. Weee! Foleni nzima ilimgeukia. Mayala, kamanda wa sungusungu, alimwambia polepole, "Kijana, hapa kiatu cha mtu ni mtu." Kijana akazirudisha kwa mikono miwili. Aneth kaja nyumbani anairudia ile kauli kama wimbo.

15 Januari

Nimemwambia Amosi simwimbii. Hakukasirika. "Nitakuomba tena, mayu." Sikumwimbia Klara pia. Kasema hataki wimbo, anataka kura.

19 Januari

Klara kampima Aneth. Mtoto ni wa katikati ya Februari. Tumekubaliana: kura ikipita tu, tunamvusha korongo, akakae Tinde kwa dada yake Klara, pale pale kando ya lami, asubiri siku zake.

Leo asubuhi nilimkuta Aneth anaota jua uani, nikamwekea mto mgongoni.

25 Januari

Kampeni zimefungwa. Masikio yangu yamepona. Mawingu upande wa Kishapu ni meusi.

28 Januari

Siku mbili sikuandika. Naandika sasa kwa sababu nisipoandika nitapasuka.

Siku ya kura kituo chetu kilikuwa pale pale uwanja wa zahanati. Sijawahi kuona watu wengi vile. Foleni ilianzia mlangoni, ikapita kwenye mawe yote matano, ikatokea barabarani. Iliendelea taratibu. Msimamizi wa kituo, Mwalimu Nelly, ni binti mdogo aliyeletwa kutoka mjini, na kila mzee alikuwa anasomewa majina mara mbili. Klara naye alipanga foleni nyuma yangu kama mtu yeyote. Aneth nilimwacha nyumbani, kajiandikishia Katoro, hapa hana kura.

Jua lilikuwa limepanda niliposikia sauti. Ilianza, ikakatika, ikaanza tena. Watu wakageuka, wakatazamana. Hakuna aliyeielewa, ila mimi niliijua. Alikuwa Aneth anapiga mwano.

Nikaupokea. Nilifungua mdomo nikaupiga kwa sauti yangu yote, ile niliyowaimbia wabunge wote, na sikujua kama bado ninayo. Foleni ikapasuka. Nasema ikapasuka! Mayala alikuwa karibu kabisa na mlango, kadi mkononi, akatoka mbio. Mawakala wa Klara walitoka, wa Amosi walitoka. Na kila mtu kabla ya kukimbia alivua viatu akaviacha mahali pake, kwa sababu ndivyo tunavyofanya na kwa sababu kwenye tope unakimbia vizuri zaidi bila viatu. Hata mimi. Hata Klara.

Tulimkuta Aneth ameshika uzio kwa mikono yote miwili. Klara alimlaza, akamwangalia, akanyanyua uso, na uso ule sikuupenda. "Mtoto kalala mkingamo, mkono umetangulia. Hapa hazai. Mjini, akapasuliwe. Sasa hivi."

Tulimbeba juu ya kitanda changu. Korongo lilikuwa linapita kifuani mwa mtu. Wanaume wakaingia, wakasimama safu mbili toka ukingo hadi ukingo, wameshikana, na kitanda kikapita juu ya mikono yao, mkono kwa mkono, Klara akiogelea pembeni na kushika kamba ya kitanda. Mimi nilivushwa mgongoni kwa mtu nisiyemjua jina. Wanawake nao wakavuka kwa kushikana, kwani huachi mwano katikati, na toka pale hadi lami ni tope tupu, wabebaji ilibidi wabadilishane. Aneth hakupiga kelele tena. Aliniita mara moja tu. "Mama, upo?" Nikamwambia nipo, ng'wanone, mwanangu, nipo.

Sitaandika uongo: gari lililokuwa kwenye lami lilikuwa la Amosi, lenye spika na picha yake. Dereva hakuuliza tunampigia nani kura. Alifungua mlango. Klara akaingia na Aneth, mimi sikupata nafasi.

Tulipogeuka, korongo lilikuwa limepanda. Lilikuwa limefika shingoni na lilikuwa linavuta magogo. Tukakaa ukingoni, foleni nzima ya Bulugala, miguu mitupu, tukiona bati la zahanati kwa ng'ambo na tusiweze kufika. Mtu mmoja akasema saa kumi wanafunga. Mwingine akamjibu, "Si tumeacha viatu? Sheria inasema aliyeko kwenye foleni saa kumi anapiga kura." Tukatulia. Wallahi tulitulia. Tuliamini kabisa.

Maji yalishuka jioni. Tukakuta mlango umefungwa, lakiri imekwishawekwa, polisi amesimama. Na viatu vyetu viko vile vile. Katambuga, ndala, buti, vimejaa maji ya mvua, vimepangana kutoka mlangoni kupita mawe matano mpaka barabarani. Hakuna hata kimoja kilichosogezwa.

Mayala akasimama kwenye katambuga zake, akamwita msimamizi. "Mwalimu, tumerudi. Tulikuwepo hapa saa kumi. Tazama."

Yule binti macho yalikuwa mekundu. "Baba yangu, shikamoo. Niliwasubiri. Nilitoka nje nikaita, nikapiga simu wilayani kuuliza. Sheria inasema mtu aliye kwenye foleni." Akazitazama zile katambuga. "Kiatu si mtu, baba."

Mayala akainama, akamwaga maji yaliyokuwa kwenye katambuga zake, akazivaa. Wote tukavaa vyetu, kila mtu mahali pake.

29 Januari

Klara kapiga simu. Mtoto hakupona. Wa kike. Aneth yuko hai.

31 Januari

Amosi kashinda. Tofauti ni ndogo kuliko ile foleni ya viatu, na kituo chetu peke yake kingeigeuza. Wote wanajua. Klara karudi kutoka hospitali na gauni lile lile. Nikamwambia, hata wewe hukujipigia. Akasema, "Ningepigaje?" Halafu akalia, na sijawahi kumwona Klara akilia. Tulilia pamoja jikoni kwangu mpaka uji ukaungua.

Ndaki yuko njiani.

2 Februari

Tumemzika mjukuu wangu nyuma ya nyumba. Ndaki ndiye aliyechimba. Amezoea kuchimba, lakini kile kishimo kidogo kilimshinda, ikabidi Mayala amalizie. Alitoka kila aliyekuwa kwenye foleni.

9 Februari

Aneth karudi. Aliposhuka kwenye pikipiki alinitazama, kisha akaanza kukunja goti, na mshono ule tumboni. Nikamshika mabega kabla goti halijafika chini. Nikamwambia kwangu usipige goti tena maisha yako yote. Akaniegemea.

"Mama, niliwapotezea kura."

Nilimjibu kwa ukali kuliko nilivyotaka. "Nyamaza. Mwano haupotezi kitu. Waliotupotezea ni wenye mawe." Nikamlaza, nikamwashia redio yake mwenyewe.

20 Februari

Redio. Imenikera kidogo. Nimefurahi.

4 Machi

Mheshimiwa Amosi kaja kunipa pole. Alikaa kwenye kigoda changu muda mrefu, na pole yake ilikuwa ya kweli, niliiona. Kisha akasema Jumamosi atakuja na mgeni kutoka mkoani kuweka jiwe la msingi la wodi ya wazazi. Nikamtazama. "Jiwe?" Akasema ndio utaratibu, mayu, lazima tuanze na jiwe. Akaniomba wimbo, safari hii akiutaka zaidi kuliko wakati wa kampeni, kwa heshima ya yule mtoto.

Nikamwambia nitakuwepo.

Usiku nilikwenda kwa Mayala, tukaongea kidogo. Jambo lenyewe halikuhitaji maneno mengi.

9 Machi

Yalikuja magari manne. Walikuja na turubai, viti vya plastiki, spika, na jiwe la sita juu ya gari dogo, limefunikwa kitambaa. Mshereheshaji akashuka na kipaza sauti, "Bulugala oyeee!"

Hakuna aliyeitika. Uwanjani hapakuwa na mtu isipokuwa mimi. Palikuwa na viatu. Katambuga, ndala, buti, mstari mmoja kutoka mlango wa zahanati, kupita mawe matano, mpaka barabarani pale magari yalipoegeshwa.

Amosi alishuka. Alitembea kando ya mstari ule polepole, akiangalia chini. Aliponifikia aliona na mimi niko miguu mitupu.

"Mayu, watu wako wapi?"

"Si hawa? Wamepanga foleni, mheshimiwa."

Alijua. Ni mtoto wa hapa, amepanga foleni bombani na viatu vya mama yake. Akajifunika uso kwa mkono. Upepo ulipogeuka tukasikia nyuma ya zahanati watu wakiitana na matofali yakigongana. Klara na wanawake wake walikuwa wamefungua tanuru, na Bulugala nzima ilikuwa inabeba kwa miguu mitupu.

Ndipo Aneth akaja kutoka nyumbani. Alikuwa anatembea taratibu, bado hajapona. Akampita mgeni wa mkoa, akampita Amosi, akafika mwisho wa mstari, akavua ndala zake, akaziweka sawasawa nyuma ya zile za Ndaki. Akatuamkia wote, amesimama wima. Kisha akaenda kule kwenye matofali, na nilimwona Ndaki akimpa moja tu, akalipakata kwa mikono miwili.

Amosi aliutoa mkono wake usoni. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mayu, wodi nitaijenga. Nakuapia. Tuweke jiwe, uniimbie japo kidogo, mgeni anasubiri."

Nikamwambia, "Kesho."